Kasa wa Maulidi — Sehemu ya Saba: Ziwa la Nani?

Hakuna mtu pwani hii, tangu Kunduchi mpaka Pangani, anayejua kukata hadithi pale panapouma kama mimi. Wiki iliyopita niliikata pazuri mno, hata mwenyewe nikasahau nimeikatia wapi. Ikabidi niende sokoni kulitafuta gazeti. Nikalikuta kwa muuza dagaa, limeshafungiwa dagaa wa watu, nikaisoma hadithi yangu huku inanuka. Mteja mmoja akaniambia hata kabla ya dagaa ilikuwa inanuka.

Haya, tulikuwa hapa.

Ni siku ya Maulidi ya mji, Bagamoyo, mwaka wa sitini na nane. Mabasi yameshusha wageni tangu jana. Zefe la asubuhi limepita na madufu na bendera, watoto wamekula kashata mpaka wanazitema, na kila nyumba imejaa wageni wa damu na wageni wa kujialika. Halafu, katikati ya pilau ya mchana, Mzee Bwanausi wa Mlingotini akaweka tonge chini, akasema koo linamwaka moto, akaanguka juu ya sinia.

Ndipo watu walipomkumbuka kasa.

Bwanausi ndiye aliyemleta. Akapikwa alfajiri uani kwa Somoe, supu ya wageni. Na kasa yuko mwema na yuko mkali mwenye sumu, na kwa macho huwezi kuwatofautisha. Ndiyo maana watu wa pwani humtupia kunguru kipande cha kwanza. Kunguru akifa, nyama yote inafukiwa. Bwanausi alitupa kipande kama ilivyo ada. Lakini siku hiyo kunguru wote wa Bagamoyo walikuwa wameshiba matumbo ya ng'ombe wa Maulidi. Kunguru akakisogelea kipande, akakitazama kama bibi harusi anavyotazama uji wa jana, akaruka zake. Bwanausi akaona kunguru yu hai, akasema bismillahi.

Na mimi niliwaacha na Mardhiya chumbani, nyumba ya pili kutoka kwa Somoe, ameinama juu ya mkeka anamwamsha mwanawe Kitwana, mtoto ambaye hata kukaa hajajua. Anamwinua, kichwa kinaangukia nyuma.

"Kitwana! Kitwana, baba! Amka mwanangu!"

Aliyeingia kwanza ni mkwewe, Bi Fatu.

"Una nini wewe unapiga kelele, na nje kuna maiti?"

"Mama, mtoto haamki."

Bi Fatu akapiga goti. Akamfunua mtoto jicho kwa kidole gumba, akamnusa mdomo. Akamtazama Mardhiya tangu utosini mpaka miguuni.

"Umekula kasa."

Hakuuliza. Alisema.

"Sijala, mama."

"Mtoto hana meno. Huyo kasa kamfikiaje? Kapita kwako."

"Wallahi sijala!"

"Usimtaje Mungu na mdomo unanuka supu."

"Mama, ninuse basi! Ninuse!"

Somoe jirani alikuwa ameshapachika kichwa dirishani. Macho yalikuwa mekundu, maana waliokufa na wanaotapika wote walikulia uani kwake, ila ulimi wa Somoe haujui msiba.

"Bi Fatu, mpelekeni mtoto kwa dokta kwanza. Kugombana mtagombana njiani, njia ni ndefu."

Mwinjuma, mume, akaingia na kanzu yake ya zefe, bado ananukia udi. Akamwona mwanawe. Akamwona mama yake. Akamwona mkewe. Na kwa aibu yake nitawaambia ukweli: kitu cha kwanza kilichomtoka mdomoni hakikuwa jina la mtoto.

"Mardhiya. Ulikula?"

Sasa wewe uliyeanza kusoma leo, shika hapa, usije ukasema nimekupoteza.

Ukoo wa Mwinjuma hawali kasa. Ni mwiko. Wanasema babu yao alizama, akashika gamba la kasa mpaka akafika nchi kavu. Kasa mwenyewe hajaulizwa. Mardhiya ni mtu wa Pangani, na kwao kasa ni kitoweo kama kitoweo kingine. Maulidi ya mwaka jana akala, kwa kutojua. Mwinjuma akaapa mbele ya mashahidi: "Mke wangu akila kasa tena, ameachika. Talaka tatu." Na talaka iliyofungwa hivyo haingoji mtu atamke. Kijiko kikipita kooni, mke si mke. Harudi mpaka aolewe na mwingine, aachwe, na ujue yatakayobaki kufikia hapo.

Na aliyeshangilia kiapo kile kuliko wote alikuwa Chausiku, dada yake Mwinjuma, mtu wa kuachika mara mbili, aliyerudi na mwanawe Sihaba kukaa chini ya paa la kaka yake. Alisema siku ile, na mtaa mzima ukasikia: "Mwanamke asiyeweza kuuzuia mdomo, atauzuia mlango?"

Kwa hiyo swali la Mwinjuma lilikuwa swali moja lenye shoka ndani yake.

"Sikula, Baba Kitwana," alisema Mardhiya.

Na alisema kweli. Mimi nawaambia, kwa kuwa hadithi ni yangu. Alfajiri ile harufu ilipovuka ua, mate yalimjaa mpaka akajiona mchafu. Akafunga dirisha. Akala kiazi cha jana, kikavu, kimemkaba, huku analia kidogo kwa uroho. Hiyo ndiyo dhambi yake yote.

Lakini nani atamwamini mtu wa Pangani?

Wakatoka mbio. Mwinjuma kambeba mtoto, Mardhiya nyuma yake kichwa wazi, Bi Fatu na kanga mbili mkononi anamfukuza mkamwana amfunike, na Chausiku wa mwisho, kanga ameibana mdomoni kwa meno.

Njiani wakakuta madrasa nyingine wanatoa zefe lao la mchana. Hawakuwa na habari ya kasa wala ya maiti. Madufu yanalia, vijana wanainama na kuinuka, moshi wa udi umejaa barabara nzima. Familia zimejipanga kando, baba, mama na watoto mabegani, furaha mpaka mwisho wa mtaa.

"Tupisheni! Tupisheni jamani!"

Mama mmoja mtu mzima, mrashi mkononi, akamwona Kitwana kifuani kwa baba yake.

"Mashaallah! Kijana kalala na kelele zote hizi!"

Akamnyunyizia marashi usoni.

Kitwana hakukunja hata uso. Yule mama akaona hilo, mkono wake ukabaki juu na mrashi, na tabasamu likamtoka polepole.

Walioumwa walilazwa darasani, shule iliyo nyuma ya zahanati, madawati yamesukumwa ukutani. Mikeka imejaa. Wengine wanatapika, wengine wameshika koo wanaomba maji. Pembeni, chini ya ubao wenye hesabu za watoto, kulikuwa na watu waliofunikwa shuka mpaka usoni. Miguu ya Bwanausi mngeweza kuitambua, maana hata shuka la serikali halikuitosha.

Dokta Mrisho alikuwa mfupi, mkali, na tangu wagonjwa waanze kuletwa hajaketi. Akampokea Kitwana, akambana ukucha wa mguu. Mtoto akatoa sauti, nyembamba, kama paka ndani ya gunia.

"Yu hai. Nani mama?"

"Mimi."

"Ulikula kasa?"

"Sikula."

"Kala!" Bi Fatu akadakia.

"Nimemwuliza mama wa mtoto, sikumwuliza bibi." Dokta akamgeukia tena Mardhiya. "Sikiliza, dada. Kasa mkali hupita kwenye maziwa. Mama anaweza kutembea asisikie kitu, mtoto akafa kifuani. Dawa yake sina, na Dasalama hawana. Mtoto huyu anachoweza kupata ni maji kidogo kidogo na ziwa safi. Tazama."

Akaweka kidole mdomoni kwa Kitwana. Midomo ikajikusanya, ikavuta mara moja, ikalegea.

"Bado anavuta. Akiacha kuvuta, mtaniachia nafasi kwenye mkeka. Sasa, kama hukula, mnyonyeshe, mnyonyeshe sasa hivi. Kama ulikula ukamnyonyesha, umemwua kwa mkono wako. Ulikula au hukula? Mimi si kadhi. Mambo ya ndoa yenu hayanihusu."

"Sikula. Nipe mwanangu."

Akanyoosha mikono. Mwinjuma akasimama katikati, mkono ameunyoosha kumzuia.

"Baba Kitwana, ondoka."

"Mardhiya, sema kweli. Kama ulikula, sema."

"Nikisema nimekula, umeniacha. Nikisema sikula, huniamini. Unataka niseme lipi ndipo mtoto anyonye?"

"Kweli!"

"Kweli nimeshasema!"

"Mtoto ameipata wapi sumu basi? Kanywa upepo?"

Darasa zima likawasikia. Hata waliokuwa wanatapika walituliza matapishi wasipitwe. Mardhiya akapiga magoti mbele ya mumewe, palepale kwenye sakafu chafu, na gauni lake la sikukuu.

"Basi niache," alisema. "Niache hapahapa, mashahidi wapo. Usiniache kwa kasa. Niache kwa kuwa wali wangu unaungua, kwa kuwa nakoroma, kwa chochote utakacho. Nitatoka mlangoni kwako leo na sitageuka. Ila mtoto anyonye kwanza. Mwinjuma, anyonye."

Kumwita mume jina lake tupu mbele za watu! Bi Fatu alivuta pumzi. Mwinjuma mwenyewe alitikisika, nikwambieni, mkono ukaanza kushuka.

Mama yake akaukamata.

"Humwoni ujanja wake? Anataka umpe talaka nyingine ili ile ya kiapo isijulikane! Ukimpa huyo mtoto, mwanangu, utamzika kabla ya magharibi, na mimi sitakuja kukufariji."

Mkono wa Mwinjuma ukarudi juu.

Dokta Mrisho akatikisa kichwa. Kijiko cha maji mkononi, akadondosha tone mdomoni kwa Kitwana. Maji yakatokea pembeni.

"Haya," alisema kwa sauti ya chini. "Nisaidieni. Tangu alfajiri, mtoto huyu amenyonya kwa mama yake tu?"

Mardhiya akainua uso.

Nyie mmeshafika, najua. Mna mwendo kuliko yeye. Lakini yeye alikuwa amepiga magoti na mwanawe anakufa, msimcheke.

"Wakati wa zefe," alisema taratibu. "Tulitoka wanawake wa nyumba kwenda kutazama zefe. Nilimwacha amelala. Nilimwacha na wifi."

Watu wakamtazama Chausiku. Alikuwa ameegemea ubao, kanga bado iko mdomoni.

"Wifi. Kitwana aliamka nilipokuwa nje?"

"Aliamka."

"Akalia?"

"Mtoto akiamka haimbi."

"Ulimnyamazishaje?"

"Nilimpa maji ya mchele, kwa kijiko. Akalala."

"Hukumpa ziwa?"

"Mimi?" Chausiku akatoa kanga mdomoni. Midomo ilikuwa imekauka, imepasuka. "Yaani sasa umetafuta wa kumtwika, ukaniona mimi? Mimi ni mtoto wa nyumba ile. Mwiko ule ni wa babu yangu, si wa babu yako. Kaka, unamsikia mkeo?"

"Simsingizii, namwuliza. Wifi, nitazame. Ulikula?"

"Sikula."

"Ulimnyonyesha?"

"Sikumnyonyesha. Na kama ningemnyonyesha pia, ingekuwa heri yake, maana ziwa langu halijagusa haramu!"

Sasa nimtetee kidogo, maana hata mwongo ana mama yake. Bi Fatu alikuwa amesema asubuhi ileile, wageni wakisikia, kwamba atakayeonja supu ya Somoe hatalala tena chini ya paa lile, awe mkamwana awe mtoto wa tumbo. Chausiku alikuwa na paa gani jingine? Mume wa kwanza kaoa. Wa pili kaoa mara mbili. Alikuwa na Sihaba mgongoni na sanduku moja la bati. Kwa kila neno alilosema mle darasani, alikuwa anashika ukuta wa chumba chake usimwangukie.

Lakini hakufikiri neno la mwisho lingempeleka wapi.

Bi Fatu ndiye aliyelidaka. Uso ukamng'aa.

"Subhanallah! Tunahangaika na nini, na ziwa safi tunalo? Chausiku hakula. Na maziwa anayo, juzijuzi tu amemwachisha Sihaba ziwa kwa kujipaka shubiri, tangu hapo analalamika kifua kimejaa. Mwinjuma, mpe dada yako huyo mtoto. Ampe ziwa apone!"

"Naam!" wakasema watu. "Apewe shangazi!"

"Hayo ndiyo maneno," akasema Dokta Mrisho. "Haraka."

Chausiku akateleza na ubao mpaka akaketi chini.

Mardhiya akaruka. Alishika kanzu ya mumewe kwa mikono miwili mpaka mshono wa begani ukalia.

"Usimpe! Mwinjuma, nakuomba, usimpe huyo!"

"Mnaona?" Bi Fatu akapaza sauti. "Mnaona? Hata mtoto asipone, mradi yeye asiumbuke!"

Wanaume wawili wakamwondoa Mardhiya, wakamshika mikono. Kiatu kimoja kikabaki kati ya mikeka. Mwinjuma akampokea mtoto kwa dokta, akavuka watu amempakata kama mtu aliyebeba maji kwenye kiganja, akamweka mapajani kwa dada yake.

"Mnyonyeshe, dada. Mwokoe mwanangu."

Nje madufu yalikuwa yamefika usawa wa shule. Watu wanaitikia kwa sauti moja, watoto wanapiga vigelegele vya kuiga.

Chausiku akamtazama Kitwana. Alimpenda mtoto yule, msifikiri hakumpenda. Alimnyonyesha asubuhi kwa sababu alilia, na kwa sababu kifua kilimwuma, na hakuna duniani aliyekuwa amejua bado kwamba kuna mauti ndani yake. Sasa alijua. Dokta amelisema mbele yake.

Akafungua kifungo kimoja cha gauni. Gauni la satini ya kijani, jipya, la Maulidi.

Kidole kikasita kwenye kifungo cha pili.

"Chausiku, fanya haraka," mama yake akasema.

Kidole kikarudi, kikafunga kile cha kwanza.

"Siwezi."

"Huwezi nini?"

"Maziwa hayapo, mama. Yamekauka. Ile shubiri..." Akameza mate, na ilionekana kumeza kunamchoma. "Tangu majuzi yamekauka kabisa. Hata tone. Mngeniuliza kwanza."

"Jana ulikuwa unajikanda na maji ya moto!" Bi Fatu akasema.

"Basi ndiyo hayo maji ya moto. Yamekausha."

Na hapo Kitwana, ambaye tangu walipomwokota mkekani hakuwa na nguvu ya kugeuza shingo, akasikia joto la kifua. Akageuza uso. Akaisugua midomo kwenye satini, akitafuta. Alipokosa, akalia.

Hakikuwa kilio cha maana. Kilikuwa uzi tu. Lakini kila mwanamke aliyewahi kunyonyesha, na wengi walikuwemo mle, alikisikia chini ya titi.

Na mwili wa Chausiku ukakisikia.

Kwenye satini ya kijani pakaota doa jeusi, dogo kama kifungo. Doa likakua. Upande wa pili pakaota jingine. Maziwa yakapenya, yakaanza kushuka na pindo la kifua, yakadondoka tone kwa tone kwenye shavu la Kitwana. Mtoto akafungua mdomo.

Chausiku akamfunika mdomo kwa kiganja chake.

"Asinywe!" alipiga kelele. "Mtoeni! Mtoeni asinywe!"

Wanaume waliomshika Mardhiya wakajikuta wameshika hewa. Sijui alivuka vipi mikeka ile na watu wake. Alimnyakua mwanawe, akampangusa shavu kwa pindo la gauni, kwa nguvu, mara mbili, mara tatu, akaketi chini palepale kati ya wagonjwa na kumweka kifuani bila kujificha. Hakuna aliyemzuia. Mwinjuma alisimama, mikono bado imekaa umbo la mtoto.

"Vuta, baba. Vuta, mama yako huyu. Vuta."

Midomo ya Kitwana iligusa ziwa. Ikatulia. Haikujikusanya.

Dokta Mrisho akapiga goti kando yao, kidole kwenye koo la mtoto, akisubiri koo lisogee.

Wote walikuwa wanatazama hapo, isipokuwa Bi Fatu. Yeye alikuwa anamtazama binti yake, mtoto wake wa tumbo, aliyekuwa amejikunja chini ya ubao na mikono miwili kifuani. Akamsogelea. Akaiondoa mikono ile, mmoja baada ya mwingine. Akapitisha kidole juu ya satini, akakiinua mbele ya macho, cheupe, kinadondoka.

"Chausiku, mwanangu. Hii nini?"

Chausiku akajaribu kutabasamu.

"Jasho, mama."